Aliyeulizwa Mwisho

Mlangoni mwa chumba cha upasuaji, muuguzi aliyevaa kofia ya kitambaa cha kijani aliinama juu ya kitanda cha magurudumu, akausoma utepe uliofungwa mkononi mwa ami yangu, kisha akamwuliza jina lake kamili ingawa alikuwa amekwisha kulisoma. Ami akalitaja, pamoja na la babaye na la babuye.

"Na leo unakuja kufanyiwa nini, mzee?"

"Kusafishwa kidonda, mwanangu."

Muuguzi akafungua faili. Ndani yake mlikuwa na fomu ya ridhaa iliyokwisha kutiwa saini, na fomu hiyo ilieleza kwamba mguu wa kulia ungekatwa chini ya goti.

"Saini hii ni ya nani?" aliuliza, na safari hii hakumwuliza ami. Alitutazama sisi tuliosimama nyuma ya kitanda, mimi na mwanawe mkubwa.

Hakungoja jibu. Alimwambia mhudumu akigeuze kitanda. "Mrudisheni wadini. Hapiti hapa mpaka daktari azungumze naye yeye mwenyewe."

Muuguzi huyo hakuwa amebuni swali lake papo hapo. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya ukaguzi wa usalama wa upasuaji, ambayo leo ina vipengele 19, na kipengele cha kwanza kabisa, kabla mgonjwa hajadungwa sindano ya ganzi, ni kumtaka athibitishe yeye ni nani, anapasuliwa wapi, anafanyiwa nini, na kwamba ameridhia. Swali hilo lilikusudiwa kuwazuia madaktari wasimpasue mtu asiye au wasikate mguu usio. Siku ile lilifichua kosa la namna nyingine: mguu ulikuwa ndio, mgonjwa alikuwa ndiye, daktari alikuwa na sababu nzuri, na ndugu walikuwa wamekubali. Aliyekosekana katika makubaliano hayo ni mwenye mguu.

Hakupigwa, hakuzuiliwa

Kwa wiki kadhaa nilijiambia kwamba hapakuwa na jambo la kuandika.

Hapa Kenya, haki za wagonjwa zikitajwa, zinazotujia akilini ni dhuluma zilizo nzito kuliko hii. Tunakumbuka uamuzi wa Jaji Mumbi Ngugi wa mwaka 2015, uliosema kwamba haikuwa halali kuwazuilia wanawake katika hospitali ya kujifungulia ya Pumwani kwa sababu tu hawakuweza kulipa bili. Tunamkumbuka mama aliyejifungulia sakafuni katika hospitali moja ya Bungoma mwaka 2013, akapigwa na kutukanwa na wauguzi, na mahakama ikaamuru mwaka 2018 alipwe fidia ya shilingi milioni 2.5. Tunamkumbuka pia mtu aliyegongwa na gari mwaka 2015, akakaa takriban saa 18 ndani ya ambulensi huku hospitali zikishindwa kumpokea, ilhali Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema wazi kwamba hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura.

Ami yangu hakupatwa na lolote kati ya hayo. Alipewa kitanda chake peke yake, jambo ambalo katika hospitali ya umma si la kulichukulia hivi hivi. Alitundikiwa dripu za dawa kwa saa zake. Muuguzi wa zamu ya usiku, kabla ya kulibandua bendeji lililogandamana na kidonda, alilitonesha maji ya chumvi kidogo kidogo mpaka likalegea lenyewe, akimwomba radhi kila alipokunja uso. Sikusikia neno la kumdhalilisha kutoka kwa yeyote.

Kwa hiyo ni nani wa kulaumiwa, na kwa lipi? Daktari alieleza. Fomu ilitiwa saini. Jamaa walikuwepo.

Saa ya raundi

Kilichonifumbua macho ni jambo nililokuwa nikilishuhudia kila asubuhi bila ya kulitia maanani.

Ikikaribia saa ya madaktari kupita wadini, ndugu wote hutolewa nje. Sababu inaeleweka, kwani vitanda vimekaribiana na siri za mgonjwa mmoja zisiwe masimulizi ya jamaa wa jirani yake. Tulikuwa tukisimama nyuma ya dirisha lenye vioo vya kupangana, na kupitia mianya yake tungeweza kuona kundi la makoti meupe likihama kitanda hadi kitanda. Likifika kwa ami, daktari mwanagenzi husoma faili, daktari bingwa huuliza, wanagenzi hujibu, mmoja huinua shuka na kuutazama mguu, kisha wote husogea mbele. Mazungumzo yote hayo huwa ni kwa Kiingereza, tena cha vifupisho vya herufi mbili tatu. Ami yangu ni msomaji mzuri wa Kiarabu na Kiswahili, na Kiingereza chake ni kile cha kuhesabu makasha bandarini.

Baadaye, saa ya kuangalia wagonjwa, sisi ndugu huingia, na kama ilivyo ada mmoja wetu humwandama yule mwanagenzi koridoni ili aelezwe kilichosemwa. Huko koridoni maelezo hutolewa kwa Kiswahili kizuri, kwa upole na kwa ukamilifu.

Mazungumzo ambayo ami alikuwepo hakuyaelewa, na yale ambayo angeyaelewa hakuwepo.

Hakuna aliyepanga iwe hivyo. Ratiba ya wadi inapanga, na uchovu unapanga, na hesabu ya wagonjwa walio wengi kwa daktari mmoja inapanga. Lakini Sheria ya Afya ya mwaka 2017 haikuacha jambo hili kwa bahati. Kifungu chake cha 8 kinamtaka mtoa huduma amweleze mgonjwa hali yake, njia za matibabu zilizopo, manufaa yake, hatari zake, gharama zake, na haki yake ya kukataa pamoja na matokeo ya kukataa huko, na kimeongeza kwamba maelezo hayo, pale inapowezekana, yawe kwa lugha anayoielewa na kwa namna inayolingana na kiwango chake cha elimu. Neno "ndugu" halijachukua nafasi ya neno "mgonjwa" popote hapo.

Saini ya koridoni

Fomu ilitiwa saini jioni ya kuamkia siku ya upasuaji, juu ya kidirisha cha kupokelea dawa, kwa kalamu ya kuazima. Ndugu yangu huyo, yaani mwanawe mkubwa wa ami, aliisoma yote kabla ya kutia saini, na sitaki mtu amdhanie kuwa mzembe. Alikuwa ameacha kazi yake kwa muda, analala kwenye kiti cha plastiki, na ndiye aliyekuwa akitumwa kutoka dirisha hadi dirisha kushughulikia usajili wa SHA, mfumo wa bima ya afya ya taifa uliochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, na pia kununua nje ya hospitali dawa na bendeji zilizokosekana ndani.

"Akiambiwa atakataa," alisema. "Na akikataa atakufa. Wewe unataka afe na haki zake?"

Sina budi kukiri uzito wa hoja hiyo, hasa kwa kuwa tunamjua ami. Ni mtu wa kukataa. Alikataa miwani mpaka akashindwa kusoma msahafu.

Sheria yenyewe inatambua kwamba pengine ukweli unaweza kudhuru. Kifungu kile kile cha 8 kinaruhusu mgonjwa asielezwe hali yake ikiwa pana ushahidi wa kutosha kwamba kumweleza hakutakuwa na maslahi kwake. Lakini huo ni uamuzi wa kitaalamu unaodai ushahidi, na hofu ya mtoto kwa baba yake, hata iwe ya mapenzi kiasi gani, haijawa ushahidi. Kuhusu ridhaa, kifungu cha 9 ni kikali zaidi: mtu mwingine anaweza kuridhia kwa niaba ya mgonjwa endapo mgonjwa hawezi kufanya hivyo mwenyewe. Dharura ina njia yake. Lau ami angalikuwa amezimia na maisha yake yamo hatarini, daktari angeendelea bila ya kumngoja mtu. Lakini ami alikuwa macho, na asubuhi hiyo hiyo alikuwa amemsahihisha mgonjwa wa kitanda cha pili aliyekosea tarehe ya mwezi.

Nilipozidi kusoma, nilikuta jambo ambalo lilinipunguzia ukali. Azimio la Lisbon kuhusu haki za mgonjwa, lililopitishwa na Chama cha Madaktari Duniani mwaka 1981 na kufanyiwa marekebisho baadaye, linasema kwamba mgonjwa ana haki ya kutoelezwa akitaka hivyo mwenyewe, na ana haki ya kumchagua mtu wa kuelezwa kwa niaba yake. Nilikuwa nikidhani kwamba mambo haya ya haki za mtu mmoja mmoja hayana nafasi kwa familia kama zetu, ambazo ugonjwa wa mmoja huwa ni shughuli ya ukoo mzima. Kumbe nafasi ipo. Sharti lake ni kwamba mgonjwa ndiye atakayeitoa.

Na hakuna aliyemwomba ami aitoe. Swali lenyewe lingechukua muda mfupi kuliko kumpima joto.

Maswali yake

Daktari bingwa alikuja alasiri. Alivuta kiti, akakaa, akazungumza Kiswahili, na kwa kalamu akachora mstari kwenye muundi wa ami. Mimi, ndugu yangu na mke wa ami tuliruhusiwa kubaki baada ya ami kuulizwa kama anataka tubaki.

Ami alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kwa nini visikatwe vidole peke yake, kwa vile kidonda kilianzia kidoleni. Daktari akamshika mkono, akamwelekeza vidole nyuma ya goti asikie mshipa unavyopiga, kisha akauhamishia kwenye kifundo cha mguu, ambako hapakupiga kitu. Akamweleza kwamba kisukari kimeiziba mishipa ya huko chini, kwamba jeraha la kukatwa mahali pasipofikiwa na damu halifungi, na kwamba angelazimika kurudi kukatwa tena na tena kupanda juu. Goti likibaki, akasema, kutembea kwa mguu wa bandia kunakuwa kwepesi zaidi kuliko likiondoka.

Maelezo yale yale tulikuwa tumeyapata koridoni. Hakuna kati yetu aliyekuwa ameushika mshipa wake.

Ami akauliza atakaaje katika sala. Akauliza gharama, na hapo ndipo tulipojua kwamba alikuwa na akiba yake na hakutaka bili ichangishwe kwenye kundi la simu la familia, ambako tayari ilikuwa inachangishwa. Kisha akauliza swali ambalo hata daktari alinyamaza kidogo kabla ya kulijibu.

"Na mguu wangu, mtaupeleka wapi?"

Kiungo kinachokatwa hospitalini, kama hakikuombwa na wenyewe, huhesabiwa kuwa taka za matibabu, na taka za aina hiyo huteketezwa kwenye tanuri. Kwetu sisi Waislamu wa pwani, kiungo cha mtu huviringishwa kitambaa na kuzikwa. Ami alijua hivyo, nasi tulijua hivyo, lakini katika mazungumzo yetu yote ya koridoni, tuliyoyaona kuwa ya watu wazima wenye kuwajibika, hakuna aliyelifikiria. Tulikuwa tunafikiria kuokoa maisha. Mwenye mguu alikuwa anafikiria mguu.

Daktari akasema inawezekana, mradi ombi liandikwe mapema na awepo mtu wa kuupokea. Likaandikwa.

Hilo ndilo lililonisumbua hata nikaamua kuandika. Lau muuguzi yule angalikuwa na haraka, ami angezinduka hana mguu, na siku ambayo angeuulizia, tungemwambia umechomwa.

Chupa ya chai

Palikuwa na jambo la pili, na hili ni la hatari kwa maana ya kitabibu kabisa.

Usiku mmoja kabla ya hayo, ami alitokwa na jasho jingi, akatetemeka, maneno yakamchanganyika. Wauguzi walimpima, wakakuta sukari imeshuka sana, wakamtilia glukosi kwenye mshipa, akarudi. Hakuna aliyejua kwa nini imeshuka kiasi kile, kwa sababu insulini yake ilikuwa ni ya kipimo cha kawaida.

Alasiri ile daktari alimwuliza ami mwenyewe kama kuna dawa nyingine anayotumia. Siku ya kulazwa swali hilo lilikuwa limeulizwa, lakini aliulizwa mwanawe, naye akajibu kwa nia safi kwamba hakuna. Ami aligeuka akamtazama mkewe, na mkewe akaitazama chupa ya chai iliyokuwa juu ya kabati. Ndani yake hamkuwa na chai. Mlikuwa na mitishamba ya kushusha sukari, iliyochemshwa nyumbani, na alikuwa akinyweshwa kikombe kila jioni saa ya kuangalia wagonjwa, juu ya insulini ya hospitali.

Mkataba wa Haki za Wagonjwa uliotolewa na Wizara ya Afya mwaka 2013 haukutaja haki peke yake. Umetaja pia wajibu, na mmojawapo ni kumpa mhudumu wa afya habari za kweli na kamili. Ami alivunja wajibu huo, na mkewe pia. Lakini angeutimizaje, naye hakuulizwa? Tulipojifanya kinywa chake tulidhani tunazuia habari mbaya zisimfikie, kumbe tulizuia pia za kwake zisitoke.

Kilichogharimu

Ami hakutia saini alasiri ile. Alisema anataka kuzungumza na mkewe, na kwamba atajibu asubuhi. Nafasi yake kwenye orodha ya upasuaji ikachukuliwa na mwingine.

Usiku huo homa ilipanda. Ndugu yangu alikaa kwenye kiti chake cha plastiki bila ya kunisemesha, na nilijua anachokifikiria, kwa sababu nami nilikuwa nakifikiria hicho hicho: kama sumu ya kidonda ingeingia damuni usiku ule, ningemweleza nani habari za kifungu cha 8? Haki hugharimu wakati, na wakati wenyewe hautolewi na aliyeitunga sheria. Hutolewa na mwili wa mgonjwa. Siwezi kulipita jambo hilo kana kwamba halipo, na sidhani kwamba wanaotuhubiria haki za wagonjwa kwenye warsha za hotelini huwa wanalikalia macho kama tulivyolikalia sisi.

Homa ilishuka alfajiri. Ami akaomba kalamu, akatia saini kwa herufi za Kiarabu kama alivyozoea tangu ujana wake, na upasuaji ukafanywa siku iliyofuata. Mguu ulizikwa kwenye makaburi ya ukoo, nao vijana wawili waliouchukua hospitalini walipewa karatasi ya kuonyesha getini.

Wenye mgonjwa

Sitaki kuandika kana kwamba ndugu ndio adui. Wadi zetu zinasimama kwa nguvu za ndugu. Ndugu huleta chakula, humgeuza mgonjwa asichubuke mgongo, humwosha, hukimbia maabara na vipimo, hulala sakafuni. Muuguzi akiita "Wenye mgonjwa huyu wako wapi?" anamaanisha hasa hivyo, na mtu anayefanya kazi yote hiyo ataona ajabu kuambiwa kwamba kuna habari asizopaswa kuzipata kwanza.

Nayo hospitali inanufaika na mpango huu, hata kama haisemi. Ni rahisi kuzungumza na kijana mwenye simu, anayeelewa haraka, asiyelia na asiyeuliza mguu utazikwa wapi.

Na ami mwenyewe, kusema kweli, alikuwa akishiriki. Watu wa rika lake wanaona kumhoji daktari ni utovu wa adabu. Siku zote zile angeweza kuuliza, na hakuuliza. Muuguzi yule ndiye aliyeutangua utaratibu huo, kwa kumuuliza yeye kwanza.

Tangu hapo, jamaa wakinipigia kwamba wamelaza mtu, huwashauri waombe maelezo yatolewe kando ya kitanda na kwa Kiswahili, wajue jina la daktari anayehusika, na siku ya kwanza kabisa mgonjwa aulizwe ni nani angependa aelezwe habari zake, kisha jibu liandikwe failini. Wenye malalamiko waanze kwa uongozi wa hospitali yenyewe, na wasiporidhika waende kwa Baraza la Madaktari. Baadhi hunisikiliza. Baadhi huniambia kwamba mgonjwa wao ni mzee na hafai kusumbuliwa.

Ndugu yangu ndiye anayempeleka ami kliniki. Majuzi daktari wa huko alianza kumweleza ami kuhusu mguu wa kushoto, ambao nao inabidi uangaliwe, na ami akainua kiganja. Akasema amechoka na maneno haya ya mishipa, kwamba kuanzia leo aelezwe mwanawe, na kwamba yeye aitwe tu pakiwa na jambo la kukata. Daktari akaliandika hilo, na ami akatia saini yake chini. Ndugu yangu anasema hilo linathibitisha kwamba alikuwa sahihi tangu mwanzo, na kwamba siku ile angetia saini tena. Mimi naona saini hiyo ndiyo iliyokosekana. Hatujakubaliana.